Kuni za Mwaka wa Tatu

Kazi yangu ni kusafisha madohani, na sioni haya kukiri kwamba nimedumu nayo kwa sababu ya umbea. Kila mwaka naingia katika nyumba zaidi ya mia nne, wenyewe wananipa kahawa, nami naondoka nikijua nani amebadilisha mapazia, nani siku hizi analala chumba cha peke yake, na nani anachoma plastiki jikoni akidhani masizi hayasemi. Masizi yanasema. Nikiingiza kioo na taa kwa chini naona mpaka juu kabisa. Sasa fikiria aibu yangu: mume niliyekaa naye miaka thelathini na mmoja alizimika mbele ya macho yangu, na mimi nisijue kumetokea nini.

Anaitwa Veijo. Alikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao, fundi ambaye wenzake walimtania kwamba angeweza kunoa hata kijiko kikakata mkate. Siku moja ya Novemba alirudi nyumbani mchana, akaketi kwenye benchi la kizingitini avue buti. Mimi niliporudi saa kumi nilimkuta palepale, buti moja mguuni, jingine mkononi. Nilimuuliza kama kuna tatizo. Akanijibu kwamba huenda lipo, na huenda halipo.

Wengine wakisikia jibu hilo watashangaa. Sisi watu wa Savo, mashariki mwa nchi yetu, hatushangai. Kwetu kumpa mtu jibu la moja kwa moja ni kama kumsukuma ukutani, na kumuuliza la moja kwa moja ni kukosa malezi. Ukitaka kujua kama jirani anauza trekta lake, unaanza na theluji, unapita kwenye bei ya mafuta, unamsifu mbwa wake, kisha unaondoka bila kuuliza, na kesho yake yeye anakuja kwako kuzungumzia mbwa. Baada ya wiki mbili trekta liko kwako. Wengi nchini wanatucheka kwa hilo, na sisi tunajicheka wenyewe, lakini hatuachi. Hata kanisani nilipoulizwa kama namkubali Veijo, mama yangu alisema baadaye kwamba nilisema "ndiyo" haraka mno.

Kwa hiyo Novemba yote tulizungukana. Nilimwambia Veijo kwamba njia ya kutelezea theluji iko safi. Nilimwambia kwamba fulani anaonekana kijana tangu aanze mazoezi. Alisema naam, naam. Akawa anaamka saa tisa za usiku na kukaa jikoni, hali chakula, hafungui barua, haogi mpaka nimuwashie sauna, chumba chetu cha kuogea kwa mvuke, na kumkokota. Mwezi wa Desemba daktari wa kituo cha afya akampa jina la ugonjwa, sonona, akampa vidonge na likizo ya ugonjwa, na mimi akanipa karatasi. Karatasi ilisema kuna mafunzo kwa wanaoishi na mgonjwa wa sonona, Jumanne sita kuanzia mwishoni mwa Februari, saa kumi alasiri, katika ukumbi wa parokia. Kahawa ipo.

Nilikwenda. Ningependa kusema nilikwenda kwa upendo, lakini siku ile ya kwanza nilikwenda kuona nani mwingine atakuwepo.

Tulikuwa saba, na wale wengine sita wote nawasafishia madohani. Kila mmoja alipomuona mwenzake mlangoni alijifanya amekuja kuulizia jambo lingine. Ilpo, dereva wa gari la maziwa, alisema amekuja kuangalia kama paa la ukumbi linavuja. Mkewe Sirkka alikuwa anaumwa mwaka wa pili, na mimi niliyeingia nyumbani kwao kila Agosti sikuwa na habari. Nilikuwa nikiambiwa Sirkka amekwenda kuchuma matunda ya porini. Ilpo huniita Masizi tangu tukiwa shule. Alinisogezea kiti akaninong'oneza, "Masizi, hapa huingizi brashi. Kaa utulie."

Aliyetufundisha alikuwa muuguzi anayeitwa Heljä, mwanamke mrefu wa miaka kama arobaini, mzaliwa wa Pohjanmaa, upande wa magharibi. Watu wa huko ardhi yao ni bapa na maneno yao vilevile. Alimuuliza Ilpo mkewe anaendeleaje. Ilpo akasema anaendelea hivyohivyo. Heljä akamuuliza hivyohivyo maana yake nini. Ukumbi mzima ukatazama vikombe. Hakuna mtu kwetu anayeuliza hivyohivyo maana yake nini. Hivyohivyo ndilo jibu, na anayelisikia anapaswa kujua mwenyewe la kufanya nalo. Nilimchukia Heljä kwa dakika kama kumi, kisha nikaanza kumwonea wivu. Yule mwanamke aliuliza chochote alichotaka kujua na hakufa.

Basi na mimi nikavaa uso mkavu nikaanza kuuliza. Niliuliza kwa nini Veijo anaweza kupasua kuni saa nzima lakini bahasha moja ya barua inamshinda. Heljä alifurahi waziwazi. Alisema kazi ambayo mikono imeizoea inaweza kwenda yenyewe, lakini bahasha inadai uamuzi, na sonona hunyang'anya kwanza uwezo wa kuanza na wa kuamua. Alisema si uvivu wala si ukaidi, na wala hatoki humo kwa kuambiwa ajikaze, kama ambavyo mtu mwenye nimonia hatoki kwa kuambiwa apumue vizuri. Niliuliza kama kuna namna ya kutazama ndani ya kichwa cha mtu uone. Alicheka. "Kioo cha kuingiza humo hakipo, Irmeli," alisema. "Utabaki na udadisi tu. Ushauri waachie wengine, wewe kuwa mdadisi."

Maisha yangu yote nimekaripiwa kwa udadisi, na sasa mtu aliyesomea ananiambia nikautumie nyumbani kama dawa. Jioni ile nilimuuliza Veijo kuhusu zile bahasha. Alikula viazi vitatu, zaidi ya kawaida yake, akaosha sahani, na baada ya nusu saa akasema akiwa ameelekea dirishani kwamba kama kuna mtu angezifungua yeye hatakasirika. Nilizifungua kumi na saba. Hamna hata moja iliyokuwa ya maana.

Tukaenda hivyo. Nilijifunza kumuuliza lililo gumu kwake leo, badala ya kumuuliza kwa nini halifanyi. Nilijifunza kwamba dawa huchukua wiki kadhaa na kwamba siku mbaya baada ya siku nzuri si mwisho wa dunia. Heljä alitugeukia na sisi pia, akauliza kila mmoja amelala saa ngapi, na mara ya mwisho amefanya nini kwa ajili yake mwenyewe. Nilipohesabu nikagundua sijaenda kuogelea na wanawake wenzangu kwenye tundu tunalotoboa katika barafu ya ziwa tangu kabla ya Krismasi. Akaniamuru niende. Nilikwenda, na katika yale maji nilipiga ukelele ambao haukutokana na baridi.

Kisha, katikati ya Machi, Veijo akapona.

Hivyo ndivyo nilivyodhani, na kila nikikumbuka nilivyodhani, uso unaniwaka. Alianza kuamka saa moja asubuhi kama zamani. Alinyoa ndevu. Uso wake ulitulia, ile mikunjo ya kipaji cha uso ikafunguka, na mara moja nilimsikia akipiga mluzi bandani. Akaanza kupanga kuni za mti wa birchi, zile tunazochoma jikoni na saunani, na hakuwahi kuzipanga vizuri vile: za mwaka huu karibu na mlango, za mwakani nyuma yake, za mwaka wa tatu ukutani kabisa, na kila rundo na kibao chenye tarehe. Aliniita akanionyesha swichi za umeme, ipi ya nini. Akanifundisha kuiamsha pampu ya kisima ikizimika wakati wa baridi kali. Kwa miaka thelathini na mmoja sikuruhusiwa kuigusa ile pampu. Seti yake ya tupa za kunolea, ambazo hakuwahi kumuazima hata ndugu yake, alimpa Tenho, mwenzake wa kuwinda, akisema zimekaa tu.

Mimi nilioka. Jumanne ya nne nilifika ukumbini na mkate mtamu wa hiliki, umesukwa nyuzi nne, na nikasema kabla ya wote kwamba nina habari njema. Nikazieleza zote, moja baada ya nyingine, mluzi, pampu, vibao, tupa. Nilikuwa nimejaa furaha kiasi kwamba nilisema waziwazi, bila kuzunguka, kama mtu wa Pohjanmaa. Nadhani nilitaka Heljä anisifu.

Heljä aliweka kikombe mezani taratibu sana. Aliuliza utulivu umeanza lini, polepole au ghafla. Nikasema ghafla. Aliuliza kama amempa mtu vitu vingine. Nikasema saa ya baba yake ameipeleka kwa posta kwa binti yetu anayeishi mji wa Oulu, lakini hiyo ilikuwa ya binti hata hivyo. Hapo nilikisikia nilichokuwa nasema. Mikono yangu ilikuwa bado kwenye kisu cha mkate.

"Irmeli," alisema Heljä, "umemuuliza kama anafikiria kujiua?"

Hasira niliyokuwa nayo sijui niielezeje. Nilimwambia kwamba hajui watu wetu. Nilimwambia Veijo ni mtu mzima anayepanga kuni, na tangu lini kupanga kuni ni ugonjwa. Nikamwambia kwamba hata kama hafikirii, mimi nikilitaja nitakuwa nimelitia kichwani mwake, na damu yake itakuwa mikononi mwangu. Wengine walikuwa wanatazama sakafu, na nilijua wapo upande wangu.

Hakubishana na hasira yangu. Alisema huenda Veijo kweli anapata nafuu, na angefurahi kama ni hivyo. Lakini alisema kwa baadhi ya wagonjwa nguvu hurudi kabla ya matumaini, na hapo katikati ndipo pa kuangalia sana. Na alisema kuuliza hakumpi mtu wazo. Kama halipo, swali halitaliumba, atakushangaa, basi. Kama lipo, amekuwa akilibeba peke yake, na swali ni mtu wa kwanza kuingia humo. "Kuna njia moja tu ya kujua," alisema. "Si ndiyo kazi yako, kutaka kujua?"

Kisha akanifanyisha mazoezi. Mbele ya watu wote. Ilpo alijitolea kuwa Veijo. Akakunja mikono na kutazama dirishani, na alimuigiza vizuri mno. Nilisimama mbele yake na kusema, "Veijo, huwa unafikiria mambo?"

"Mambo gani?" Heljä aliuliza.

Nikasema tena, "Veijo, unafikiria kutokuwepo?"

"Kutokuwepo wapi? Kwenye mnada wa Jumamosi?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia. Nilisema mara ya tatu, na nikalitaja neno lenyewe, sauti yangu ikitoka nyembamba kama ya msichana. Ilpo alisahau kwamba anaigiza. Alishusha mikono, akanitazama, akarudi kwenye kiti chake na hakusema utani wowote tena siku ile.

Heljä aliniandikia namba yake ya simu kwenye kiganja kwa kalamu, eti karatasi ningeipoteza. Alinipa maneno matatu ya kwenda nayo: akikubali, usimwache peke yake, usimwahidi kutunza siri, nipigie mimi au namba ya dharura, hapohapo. Alisema atakaa karibu na simu. Kama hajanisikia mpaka saa kumi na mbili, atawasha gari aje mwenyewe.

Ni kilomita kumi na nne kutoka ukumbini hadi kwetu. Nilizunguka kwa Tenho nikaona taa yake inawaka, nikapita. Nilisimama kwenye majalala ya kuchambua taka na kutupa chupa mbili. Nilikuwa najichelewesha na nilijua najichelewesha, na wakati huohuo nilikuwa nataka niwe nimeshafika. Lilikuwa jambo la ajabu kuwa na hofu na udadisi pamoja kifuani. Nilitaka kujua kuliko nilivyowahi kutaka kujua lolote, na niliomba Mungu nisijue.

Jua lilikuwa bado lipo, lile la Machi linaloyeyusha theluji ya paa ikidondoka tonge kwa tonge. Veijo alikuwa bandani. Rundo la mwaka wa tatu lilikuwa limefika usawa wa kifua na kwenye toroli zilibaki kuni kama mikumbatio miwili. Alisema kahawa ipo ya moto kwenye chupa. Nikasema nimeshakunywa. Nikasema birchi hii ni nzuri. Akasema siyo mbaya.

"Kiangazi tutaipaka sauna rangi," nikasema. "Au wewe unaonaje?"

"Inawezekana," akasema.

Na mimi nusura niondoke. Nataka hilo lijulikane. Kwa miaka thelathini na mmoja nimeambiwa "inawezekana" na nimeichukua kuwa ndiyo, na imekuwa ndiyo, nyumba ilijengwa kwa "inawezekana," na binti yetu alipatikana kwa "inawezekana." Nilishageuka nusu kuelekea mlangoni nikijisemea kwamba Heljä na watu wake wa Pohjanmaa wanapenda kukuza mambo. Kisha nikaona kile kibao cha rundo la ukutani. Alikuwa ameandika mwaka, na chini yake, kwa herufi zake za fundi: *Irmeli, anza na za kulia.*

Mimi. Si sisi.

Nikarudi. Nilisimama mahali ambapo hangeweza kutonitazama, nikasema, "Mzee, unafikiria kujiua?"

Alikuwa na kipande cha kuni mkononi. Hakukiweka na hakukitupa. Nilikuwa nimejiandaa akasirike, au anicheke, au aniulize nani amenilisha upuuzi huo. Hakufanya hata moja. Alikaa kimya, na kimya cha kwetu nakijua aina zake zote, lakini hiki sikukijua. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kusema neno, kumsaidia, kumfungulia mlango wa pembeni atokee. Heljä alikuwa amesema: ukishauliza, subiri. Nikasubiri. Theluji ilidondoka kutoka paani mara nyingi.

"Ndiyo," akasema Veijo.

Katika maisha yetu yote ya ndoa hakuwahi kunijibu hivyo.

Nilimuuliza kama ameshaamua ni lini. Akazitazama zile kuni za kwenye toroli. Akasema alitaka amalize kupanga kwanza, ili nisipate tabu. Aliyasema hayo kwa upole, kama mtu anayeeleza ratiba ya kazi, na nadhani alitegemea nimshukuru. Mikumbatio miwili. Ningesimama kwa Tenho, ningekubali kahawa ile, zingekuwa zimekwisha.

Nilimuomba funguo za kabati la bunduki. Alizitoa mfukoni mwa suruali ya kazi, zilikuwa za moto kwa joto la mwili wake. Akasema, "Usimwambie mtu, bibi."

"Namwambia Heljä sasa hivi," nikasema. "Na daktari. Na Tenho atakuja kuchukua bunduki. Nitawaambia wote watakaosaidia, na wewe unaweza kunichukia."

Akasema hanichukii. Kisha akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, huku bado ameshika kile kipande cha kuni, na mimi nikalia naye nikiwa na simu sikioni, namba ikisomeka vibaya kiganjani kwa jasho. Heljä alipokea kabla haijaita mara ya pili. Hakuniuliza kama niko salama. Aliniuliza Veijo yuko wapi, nikasema yuko hapa, nimemshika mkono wa koti. Akasema vizuri, endelea kumshika.

Alilazwa wiki tatu na nusu. Walibadilisha dawa yake. Kuna siku aliniambia nisije, na kuna siku alipiga simu saa mbili asubuhi kuuliza mbona sijafika. Sitasema kwamba amepona, maana nimeshawahi kusema hivyo. Bado anaamka usiku. Bado kuna asubuhi buti linamshinda. Lakini sasa nauliza, na yeye anajibu, na siku nyingine jibu ni baya, nasi tunalipeleka linapotakiwa kupelekwa.

Jumanne ya sita, ya mwisho, ilisogezwa hadi Mei, na Heljä aliomba tuje na wagonjwa wetu, yule anayeweza. Waliweza wawili tu. Veijo alikuwa mmojawapo. Alikaa karibu yangu, koti mwilini, akanywa kahawa bila kula chochote. Sirkka hakuja. Ilpo alisema anaendelea hivyohivyo, na safari hii Heljä hakumuuliza maana yake, alimtazama tu.

Tulizungumza kuhusu dawa, usingizi, na fomu za bima. Katikati ya hayo Ilpo akamgeukia Veijo. Walikuwa wamefahamiana tangu utotoni na sidhani kama waliwahi kuulizana chochote zaidi ya samaki.

"Veijo," akasema, "alipokuuliza Masizi. Mbona ulimwambia kweli?"

Hata mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza hilo, na si kwa kuwa sikutaka. Nililala nalo na kuamka nalo.

Veijo alizungusha kikombe kwenye kisahani. Nilidhani atasema inawezekana.

"Nilikuwa natafuta uongo," akasema. "Ninao mwingi, si haba. Nilitafuta pale, sijui dakika ngapi. Lakini alikuwa amesimama tu ananitazama, na nikaona anataka kujua kweli. Miezi yote ile watu walitaka nipone. Hakuna aliyetaka kujua."

Heljä hakuandika kitu. Mimi nilitafuta mkono wa Veijo chini ya meza nikaukuta.

Ilpo alikitazama kikombe chake, kilichokuwa kimebaki nusu. Akakisukuma mbele, akasimama, akavaa koti lake akikosea vifungo. Tulibakiwa na saa nzima ya mafunzo. Alitoka bila kuaga, tukasikia gari likiwaka, likishika njia ya kwao, kwa Sirkka.